Siku Marete Alipofunga Koki

Mwaka ule mvua ilipokosa kwa msimu wa nne mfululizo, Marete alikuwa na miaka hamsini na tisa, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. Halikuuawa na ugonjwa. Lilikufa kidogo kidogo kwa kukaa karibu na injini ya kisima cha Namba Sita miaka kumi na saba, mpaka ikawa mtu akitaka kuzungumza naye humzunguka kwanza asimame upande wa kulia.

Kisima cha Namba Sita kilikuwa mashariki mwa mji wa Isiolo, mwendo wa karibu saa mbili kwa lori ukielekea Garbatulla. Palikuwa na nyumba ndogo ya mawe yenye mlango wa bati, na ndani yake injini ya dizeli ya silinda tatu iliyozungusha jenereta. Jenereta ilipeleka umeme kwenye pampu iliyozamishwa ardhini mita mia na arobaini, pampu ikasukuma maji hadi tangi la juu, na kutoka pale yakateremka kwenye mabirika ya mifugo. Nje ya nyumba, juu ya stendi ya vyuma, kulikuwa na tangi dogo la dizeli, na bomba jembamba lililopita ukutani kwenda kuilisha injini. Marete ndiye aliyewasha, ndiye aliyezima, ndiye aliyemwaga oili chafu na kutia safi. Wafugaji wengi hawakumjua jina. Walimwita Fundi tu.

Hakuzaliwa nchi kavu. Kwao ni juu Nyambene, kwa baba mchuma miraa aliyekuwa na watoto wengi kuliko miti. Alishuka Isiolo akiwa na miaka kumi na tisa, tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la kubeba ng'ombe, na lori hilo likavunjika kabla hajamaliza mwezi wa pili. Mwenye lori akaliacha gerejini kwa fundi mmoja Mturkana aliyeitwa Lochoro, akamwambia Marete alilinde lisiibiwe magurudumu. Lilikaa gerejini miezi minne. Lilipoondoka, Marete hakuondoka nalo.

Lochoro hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Siku ya kwanza lori lilipopata kuwaka, alimwagiza Marete alizime. Marete akageuza ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni. Injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Akaurudisha, akaugeuza tena. Bure. Lochoro alikuwa ameketi juu ya gurudumu akinywa chai, na hakuinuka mpaka alipoimaliza.

"Huo ni ufunguo wa kuwashia," alisema. "Gari ya petroli inaishi kwa cheche. Kata cheche, imekufa. Dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, halafu inarushiwa mafuta, mafuta yanawaka. Mafuta yakifika itazunguka, hata ukiitupia ufunguo mtoni. Ukitaka ilale, inyime mafuta."

Akaingiza mkono chini ya usukani, akavuta waya wenye kishikio cheusi. Lori likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Kazi hiyo ndiyo iliyomlea Marete. Alimwoa Karwitha, muuza viazi sokoni Isiolo, wakajenga vyumba viwili vya mabati mtaa wa Kiwanjani, wakapata wasichana wawili, Makandi na Nkirote. Lochoro alipozeeka akaifunga gereji, na kamati ya maji ya Namba Sita ikawa inatafuta mtu wa injini. Marete akapanda lori la kwenda huko akisema atafanya mwaka mmoja, aone.

Injini ilipoletwa, ilikuwa na kifaa chake cha kujilinda. Kwenye njia ya mafuta palikuwa na sumaku ndogo ya umeme iliyoishikilia njia ikae wazi. Joto likipita kiasi, au oili ikipungua, umeme wa sumaku hukatika, njia ya mafuta hujifunga, na mashine huzimika yenyewe bila kungoja mtu. Sumaku hiyo iliungua mwaka wa tatu. Nyingine haikupatikana, basi Marete akaitoa akaunganisha waya wa kuvuta kwa mkono, kama ule wa lori la Lochoro. Tangu hapo injini haikuwa na mlinzi ila yeye. Akaiwekea sheria: kila siku saa sita mchana inazimwa, inapumzika saa mbili, inakaguliwa maji na oili, halafu inawashwa tena.

Katika miaka ya mvua hakuna aliyeijali sheria hiyo. Mifugo ilikuwa michache kisimani wakati wa jua kali, na wachungaji wenyewe walipenda kulala kidogo kivulini. Mwaka ule wa ukame ndipo mambo yalipobadilika. Mabwawa yalikauka yote, visima viwili vya jirani vikaharibika, na watu wakaanza kuja Namba Sita kutoka sehemu ambazo Marete alikuwa akizisikia tu. Tangi la juu halikupata kujaa tena tangu Agosti. Maji yaliingia na kutoka. Injini ikawa inaamshwa saa kumi na moja alfajiri na kulazwa saa nne usiku, na saa zake mbili za mchana zikawa saa moja, kisha nusu saa.

Marete naye aliliwa pamoja nayo. Alikaa wiki saba bila kwenda nyumbani. Alilala kwenye kitanda cha kamba nyuma ya nyumba ya injini, na alipoamka viungo vilikuwa vizito kama vya mtu aliyebeba mawe ndotoni. Chai aliinywa akiwa amesimama. Kuna siku alijikuta ameshika spana na hakumbuki alikuwa anaenda kufungua nini.

"Baba Makandi, unarudi lini?" Karwitha alimuuliza kwenye simu.

"Mvua ikinyesha."

"Na isiponyesha?"

Marete alimwambia mtandao umeanza kukatika, na haukuwa umekatika.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Oktoba. Kufikia saa tatu asubuhi vumbi lilikuwa limeinuka pande zote, na foleni ya mifugo ilienda mpaka kwenye vichaka vya migunga, usione mwisho wake. Waqo, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa akipanga zamu kwa fimbo yake ndefu. Waqo na Marete walikuwa rika moja, na kwa miaka kumi na saba walikuwa wakinywa chai pamoja kila asubuhi, mmoja akisali msikitini na mwingine akienda kanisani pale anapopata nafasi ya kufika mjini. Asubuhi ile chai haikunyweka.

Katika foleni alikuwamo mtu aliyeitwa Dabasso. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka ng'ambo ya Garbatulla na ng'ombe thelathini na mmoja. Mwaka uliotangulia walikuwa tisini. Zamu yake ilikuwa iwe saa nne, lakini ngamia wa watu wenye sauti kubwa kuliko yake wakapita mbele, na kondoo wa mwingine wakapita, na mpaka saa sita alikuwa bado ameegemea fimbo palepale, ng'ombe wake wawili wakiwa wamelala chini.

Saa sita na robo, injini ikiwa bado haijapumzishwa, Marete akausikia mkanda wa feni ukilia. Aliusikia kwa sikio la kulia, sauti nyembamba juu ya ngurumo. Akaangalia kipimo cha joto. Mshale ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu. Harufu ya maji yaliyochemka ilikuwa imejaa chumbani. Mkanda ule ndio uliozungusha feni na pampu ya maji ya kupoza injini. Ukikatika, ni dakika chache tu kabla pistoni kukwama ndani ya silinda, na injini iliyokwama hivyo haitengenezwi kwa spana.

Akatoka kumtafuta Waqo.

"Nazima," alimwambia. "Mkanda unaenda kukatika."

Waqo akamshika mkono, akamvuta upande wa kulia. "Saa moja tu, Fundi. Dabasso anyweshe, halafu zima hata mpaka kesho."

"Haina saa moja."

"Basi nusu. Angalia hawa ng'ombe. Nimekuomba."

Marete alikubali. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu lisilompendeza: alikuwa amechoka, na kukubali kulikuwa na maneno machache kuliko kukataa. Akaenda kwenye birika kunawa uso, akachovya kitambaa, akajifunga shingoni. Hakukaa dakika tano. Aliporudi, mlango wa bati ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na Waqo amesimama mbele yake akitazama miguu yake mwenyewe.

"Nani amefunga?"

"Mimi," Waqo alisema. "Ukiwa ndani utazima kabla ya wakati, nakujua. Ngoja nje. Dabasso akimaliza nitakuwekea ufunguo mkononi."

"Waqo, joto limepita kipimo. Mkanda unalia."

"Umesema mkanda unalia mara ngapi mwaka huu?"

Ilikuwa kweli. Alikuwa amelisema neno hilo Julai, akalisema Agosti, na mara zote mkanda ulikazwa na kazi ikaendelea. Marete alisimama akiitazama kufuli. Waya wa kuzimia ulikuwa ndani, hatua nne kutoka mlangoni, na ingekuwa vilevile kama ungekuwa Nairobi. Alifikiri kuvunja mlango, akaona mikono ya watu waliouzunguka.

Akageuka, akaenda kwenye stendi ya tangi la dizeli.

Koki ilikuwa chini ya tangi, ya shaba, ngumu kwa vumbi la miaka. Aliifungia kile kitambaa kibichi ili mkono usiteleze, akaizungusha robo mzunguko mpaka ikakataa. Kisha akafungua skrubu ya mkono wa koki, akauchomoa ule mkono mzima, akautia mfukoni. Bila huo hakuna kidole ambacho kingeweza kuifungua tena. Akaketi juu ya jiwe chini ya stendi.

Injini haikusikia lolote. Iliendelea kunguruma, na maji yakaendelea kutiririka birikani. Watu waliokuwa wakimtazama wakatazamana, na mmoja akasema koki ni mbovu, haifungi. Marete alijua ndani ya bomba kulikuwa na mafuta, na ndani ya filta mbili kulikuwa na mafuta, na injini ingevikamua vyote kabla ya kusalimu amri. Hakupenda kuizima hivyo. Mashine yenye joto huondolewa mzigo kwanza, ikazunguka polepole ikapoa, ndipo inyimwe chakula. Na ikimaliza mafuta yenyewe huvuta hewa kwenye mabomba, na hewa hiyo ni kazi nyingine kuitoa. Lakini njia nzuri ilikuwa nyuma ya kufuli. Akahesabu dakika kwa saa yake ya mkononi.

Dakika ya tatu Dabasso alifika. Hakuwa anakimbia. Alikuja taratibu, akasimama upande wa kushoto, akaongea, na Marete hakusikia. Ikabidi azunguke.

"Nimesema fungua."

"Siwezi."

"Ng'ombe yangu mbili imelala pale. Ng'ombe ikilala njaa hii haiinuki bila maji. Wewe umekaa hapa miaka mingi, unajua."

"Najua."

"Basi fungua."

"Nikifungua, injini itakufa leo," Marete alisema. "Ikifa leo, kesho hapana maji, na keshokutwa, na mwezi mzima. Hawa wote watarudi na kiu, wako na wa wengine. Ikilala sasa, jioni itaamka."

"Jioni." Dabasso alilitamka neno hilo kama anayejaribu kuliona liko umbali gani. "Zangu haina jioni."

Marete angeweza kusema pole, na pole ingekuwa tusi. Alibaki ameketi, mkono mmoja juu ya mfuko wenye kipande cha koki, na Dabasso alipouona huo mkono umekaa pale akaelewa kilichomo. Fimbo ilishuka mara moja. Marete alisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu, sauti kavu, karibu kabisa, kwa sikio lake zima.

Waqo na watu wengine wawili wakamkamata Dabasso kwa nyuma. Hakupigana nao. Alikuwa akipumua kwa nguvu na macho yake yalikuwa kwa ng'ombe. Marete hakuinuka. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea pajani, nao ule wa kushoto akauweka juu ya mfuko badala yake.

Dakika ya nane ngurumo ilibadilika. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kama mtu anayetafuta pumzi. Moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi. Injini ikakohoa, ikajikaza mara ya mwisho, ikanyamaza. Uzi wa maji kwenye birika ukawa mwembamba, kisha matone. Wanyama wakainua vichwa.

Waqo alifungua mlango bila kuambiwa. Joto lililotoka lilimrudisha nyuma. Rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ilikuwa ikitoa mvuke pembeni ya kifuniko, na mkanda wa feni, walipouangalia, ulikuwa umeliwa upana wake zaidi ya nusu, nyuzi zikining'inia kama ndevu za mbuzi. Waqo aliugusa kwa kidole, akakiondoa haraka.

"Ungeweza kufika jioni," alisema, lakini sauti yake haikuwa na hakika.

"Labda," alisema Marete.

Na ndilo lililomchosha kuliko yote. Injini iliyokufa kila mtu anaiona. Injini iliyozimwa kabla haijafa ni injini nzima, iliyonyamaza, na watu wanaoitazama wana haki ya kuuliza ilinyamazishwa kwa nini. Mkanda ungeweza kukatika baada ya dakika mbili. Ungeweza kuvumilia mpaka Ijumaa. Hapakuwa na mtu wa kuapa.

Kisha watu wakamwambia atie maji baridi kwenye rejeta ili mashine ipoe upesi, naye akakataa hilo pia, kwa kuwa chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Ingepoa kwa muda wake. Mtu mmoja akatema mate chini, akaenda zake.

Kulikuwa na foleni nyingine ndogo upande wa pili, ya wanawake wenye punda na madebe. Mmoja wao, Qabale, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amekaa kivulini tangu asubuhi. Aliinuka, akaja akamtazama Marete mkono.

"Umevimba, Fundi. Hutashika spana na huo."

"Hapana."

"Mimi mikono yangu ni mizima. Niambie."

Alimfunga kwanza mkono kwa kipande cha leso na kijiti. Injini ilipopoa kiasi cha kuguswa, karibu saa nane, wakaanza. Ukutani kulikuwa na mkanda wa zamani, umetumika lakini hauna nyufa kubwa. Marete alionyesha kwa kidevu na kwa mkono wa kushoto: legeza ile bolti, sukuma ndani ile jenereta ndogo ya kuchaji betri, toa mbovu, vika huu, kaza. Qabale hakuuliza mara mbili. Alipokaza bolti ya mwisho alining'inia kwenye spana kwa uzito wake wote.

Kisha ikaja kazi ya hewa. Marete akatoa kipande cha koki mfukoni, akampa Qabale akirudishe mahali pake na kufungua mafuta. Akamwonyesha skrubu ndogo juu ya filta, ailegeze, na kijiti cha chuma cha kupigia mafuta kwa dole gumba.

"Inatema povu," Qabale alisema.

"Hiyo ndiyo hewa. Piga mpaka povu liishe, yaje mafuta matupu."

Alipiga mpaka kidole kikachubuka. Povu likaisha. Wakahamia skrubu ya pampu ya mafuta, wakapiga tena, halafu nati za mabomba matatu yanayoingia kwenye silinda, moja baada ya nyingine, Waqo akigeuza ufunguo wa kuwashia kila anapoambiwa. Jasho lilikuwa likimdondoka Qabale kwenye ncha ya pua. Saa kumi kasorobo silinda moja ikashika, kisha ya pili, na ya tatu ikaja kwa shida. Baada ya dakika chache maji yakaanza kukohoa kwenye bomba la birika.

Ng'ombe wa Dabasso ndio waliopewa nafasi ya kwanza. Hakuna aliyebisha. Walikunywa ishirini na tisa.

Wale wawili hawakungoja. Mmoja Dabasso alimchinja mwenyewe, ilipokuwa wazi kwamba pumzi inamwishia, na nyama yake ilikuwa ngozi na mishipa. Wa pili, jike la madoa mekundu, alikufa kabla ya kisu, wakati Qabale yuko kwenye filta. Marete alipotoka nje alimkuta Dabasso ameketi karibu na kichwa cha mnyama huyo, mkono juu ya pembe. Alipita kando yake akaenda kukaa kwenye kitanda chake cha kamba, na akiwa ameketi vilevile, viatu miguuni, akasinzia.

Siku iliyofuata lori lilimpeleka Isiolo. Hospitalini daktari kijana alimwambia mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika mara mbili, akamuuliza kilichompata.

"Fimbo."

"Fimbo ya nani?"

"Ya mtu aliyekuwa na haraka," Marete alisema.

Karwitha hakuridhika na jibu kama hilo. Alimpikia, akamwogesha mkono mmoja, akamnyolea ndevu, na muda wote huo alikuwa akimweleza kwamba hatarudi Namba Sita hata wakija kumchukua kwa helikopta. "Umewapa sikio, sasa umewapa mkono. Unangoja wachukue nini?" Marete alimsikiliza kwa upande wa kulia. Alilala siku tatu karibu bila kuamka. Siku ya nne akaanza kuuliza kama kuna lori linaloelekea Garbatulla, naye Karwitha akaacha kuzungumza naye mpaka Jumatano.

Alirudi baada ya wiki mbili, plasta ikiwa bado mkononi. Alishukia barabarani saa saba mchana, akasimama kidogo akadhani sikio la pili nalo limekufa, maana hakusikia ngurumo. Alimkuta Qabale nje ya nyumba ya injini, anakunywa chai, na ufunguo wa kufuli umefungwa kwenye ncha ya leso yake.

"Imezimwa saa sita," alisema. "Naiwasha saa nane."

"Wamekubali?"

"Wanalalamika. Mimi nawaacha walalamike."

Waqo hakuomba radhi kwa maneno, wala Marete hakuidai. Asubuhi ya pili walikunywa chai pamoja. Waqo alimvunjia mkate vipande vidogo, kwa sababu ya mkono, akavisukuma kwake bila kumtazama.

Mvua ilinyesha mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, kali kiasi cha kubeba mbuzi waliokuwa wamebaki. Marete aliendelea miezi mingine tisa. Alimfundisha Qabale kubadilisha oili, kusafisha nozeli, kusikiliza. Desemba alipanda lori na godoro lake, akarudi Kiwanjani moja kwa moja. Mkono uliunga vibaya kidogo. Hakuweza tena kukaza nati kubwa, na baridi ya Julai ilimsumbua.

Alimwona Dabasso mara moja tu baada ya hapo, soko la mifugo la Isiolo. Marete alikuwa amemsindikiza mkwewe kununua mbuzi wa sherehe. Dabasso alikuwa ameshika kamba ya mitamba wawili, wembamba lakini wazima. Wote wawili walionana kwa wakati mmoja, ikawa aibu kugeuka. Dabasso akaja. Safari hii alikwenda mwenyewe upande wa kulia.

"Habari, Fundi."

"Nzuri. Za kwenu?"

"Tumepata nyasi." Aliutazama mkono. "Hiyo haikunyooka."

"Haikunyooka."

Wakasimama wakitazama ng'ombe. Mnunuzi mmoja alikuja akapapasa mtamba mgongoni, akaenda.

"Nimefikiri sana ile siku," Dabasso alisema. "Watu wananiambia nikuombe msamaha. Mimi naona, kama siku ile ingerudi, ng'ombe yangu imelala pale tena, ningekupiga tena."

"Najua."

"Na wewe ungefunga."

Marete alifikiri kwa uaminifu. Alimfikiria yule jike la madoa, na zile dakika nane, na kufuli. "Ningefunga," alisema. "Ningefunga mapema zaidi, wakati bado niko ndani. Bila hewa kwenye mabomba ingewaka upesi, labda ng'ombe wako wangewahi maji."

Dabasso akahamisha kamba mkono mwingine, akanyoosha wa kushoto, ili Marete naye asilazimike kutoa ule mbovu. Wakashikana.

"Hawa wawili nawapeleka nyumbani leo," Dabasso alisema. "Njia ni ndefu."

"Nenda salama."

Aliondoka nao kupitia lango la soko. Marete alibaki ameegemea uzio mpaka mkwewe alipokuja kumwambia mbuzi amepatikana, akalazimika kumwambia mara mbili.